Saa Mia na Ishirini

Mhadhara uliosomwa Mombasa mbele ya wazazi, walimu na vijana



Nilipoombwa kuja kusema juu ya njia za dharura za kuzuia mimba, yaani zile ambazo mwanamke huzitumia baada ya tendo na si kabla yake, jamaa yangu mmoja, mtu mwenye heshima zake na nia njema, aliniuliza kama sioni haya, mimi niliyekwisha kuwa bibi wa wajukuu saba, kusimama hadharani na kutaja mambo yaliyozoea kunong'onwa jikoni. Nikamjibu kwamba haya ni pambo la mwanamke na la mwanamume pia, lakini maulamaa wetu, ambao hakuna awezaye kuwatuhumu upungufu wa haya, waliandika milango mizima ya fiqhi juu ya hedhi, nifasi na janaba bila ya kuyatafuna maneno, kwa kuwa walijua ya kwamba ibada ya mtu yaweza kubatilika kwa kutojua hukumu moja ya twahara. Nami katika miaka thelathini na ushei ya uuguzi na ukunga nimeona maisha ya wasichana yakipinduka kwa kutojua hesabu ya saa.

Basi na tuanze na hesabu hiyo.

Jumatatu moja, yapata saa tatu za asubuhi, nilikuwa nimesimama katika duka la dawa la mjini, ambalo jina lake nalistiri, nikingoja vidonge vyangu vya shinikizo la damu. Mbele yangu alikuwapo mwanamke kijana, wa miaka ishirini na mitano hivi, aliyejiinamisha juu ya kaunta hata ushungi wake ukawa wagusa kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Nipe P2," yaani kidonge cha dharura. Muuzaji, kijana mpole mwenye adabu zake, aliyetujia kutoka bara mwaka uliotangulia, alimwuliza kama ilivyompasa kuuliza, "Ilikuwa lini, dada?" Akajibu, "Usiku wa Ijumaa, kama saa nne." Yule kijana akakunja vidole: Jumamosi saa nne usiku, Jumapili saa nne usiku, kisha saa kumi na moja za kufikia asubuhi ile, jumla saa 59. Akamwambia, "Uko ndani ya muda," akaanza kuifunga pakiti katika karatasi ya khaki.

Wenyeji wa hapa mmekwisha kuliona kosa. Sisi watu wa pwani, siku yetu huanza jua likizama, na usiku huutangulia mchana wake. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao kesho yake watu huenda kuswali Ijumaa, na wenzetu wa bara huuita Alhamisi usiku. Nikamgusa yule binti begani nikamwuliza, "Mwanangu, huo usiku ulikuwa kabla ya sala ya Ijumaa au baada yake?" Akageuka, akanitazama kwa fadhaa kisha kwa kuelewa, akasema, "Kabla yake, bibi. Wa kuamkia Ijumaa." Hazikuwa saa 59. Zilikuwa saa 83.

Tofauti ya siku moja, mtu ataniambia, ni nini? Katika mkataba wa nyumba si kitu, na katika deni la dukani yaweza kusamehewa. Katika jambo hili siku moja humtoa mwanamke katika mlango mmoja na kumpeleka katika mlango mwingine, kama nitakavyoeleza. Na yule binti, aliyekuja dukani akidhani pana dawa moja tu duniani, aliondoka pale akiwa amepanda tuktuk kwenda kliniki kutafuta kitu kingine kabisa, ambacho hata jina lake alikuwa akilihusisha na wanawake waliokwisha kuzaa watoto wanne. Kilichonisumbua zaidi si hesabu ya yule kijana, maana alihesabu sawasawa kwa lugha aliyoijua. Ni kwamba mwanamke aliyefikwa na dharura hulazimika kujifunza elimu nzima akiwa amesimama kaunta, watu nyuma yake, moyo wamdunda, na saa zinakwenda. Elimu hii haifai kujifunziwa siku hiyo. Yapaswa kujuliwa siku ambayo haihitajiki, kama leo, na ndiyo sababu nimekubali kuja.

Watu wengi hudhani kwamba mimba hutunga papo hapo, kama kiberiti kinavyoshika utambi, na dhana hii ndiyo mama wa makosa mawili yanayogombana: la yule akataye tamaa akasema kwamba yaliyokuwa yamekwisha kuwa, na la yule asemaye kwamba anayemeza dawa baada ya tendo amekwisha kuua. Hakika ya mambo ni nyingine. Mbegu za mwanamume zikiisha kuingia zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hata siku 5, zikingoja, ilhali yai la mwanamke, likiisha kutoka katika kifuko chake, haliishi zaidi ya siku moja ya usiku na mchana. Kwa hiyo aghalabu, baina ya tendo na kutunga mimba, pana muda, mara wa saa chache, mara wa siku nne nzima, ambao ndani yake hapana mimba hata kidogo. Pana wageni tu waliofika mapema katika nyumba ambayo mwenyewe hajarejea.

Vidonge vya dharura hufanya kazi yake katika muda huo na si penginepo. Humchelewesha mwenye nyumba: huuzuia mwili usilitoe yai kwa siku kadhaa, mpaka wale wageni wafe kwa kungoja. Ikiwa yai limekwisha kutoka, kidonge hakina la kufanya. Na ikiwa mimba imekwisha kujishika katika mfuko wa uzazi, hakiitoi wala hakikidhuru kilichomo. Shirika la Afya Duniani limelisema hili waziwazi, na dawa zitumikazo kutoa mimba ni nyingine kabisa, zenye majina mengine na kazi nyingine, ambazo mtu hapaswi kuzichanganya na hizi kwa sababu tu zote zinauzwa katika duka moja na kununuliwa kwa aibu moja.

Na kwa kuwa kazi yenyewe ni kuchelewesha, yafahamika kwa nini kila saa ina thamani yake. Katika uchunguzi mkubwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka 1998, dawa iitwayo levonogestreli, ikitumiwa katika saa 24 za mwanzo, ilizuia mimba 95 katika kila 100 ambazo zingalitarajiwa kutunga. Katika siku ya pili ikazuia 85. Na katika siku ya tatu ikashuka hata 58. Tazameni jinsi ilivyoporomoka kati ya siku ya pili na ya tatu; na yule binti wa saa 83 alikuwa amekwisha kuivuka hata hiyo ya tatu. Wazungu walikiita kidonge cha asubuhi inayofuata, na jina hilo, kwa rai yangu, limeleta hasara mbili: wako waliongoja asubuhi ifike ilhali wangaliweza kumeza usiku uleule, na wako walioamka mchana wakasema asubuhi imekwisha kupita, basi tena.

Historia ya dawa hizi si ndefu, na mwanzo wake haukuwa mtamu. Katika miaka ya 1960 matabibu wa Uholanzi na wa Marekani waliwapa wanawake waliobakwa homoni ya estrojeni kwa kipimo kikubwa mno kwa siku kadhaa mfululizo, na waliopewa walitapika vibaya. Mwaka 1974 tabibu wa Kanada, Albert Yuzpe, alitangaza njia nyepesi zaidi: vidonge vile vile vya kila siku vya uzazi wa majira, vyenye homoni mbili, vikimezwa vichache kwa pamoja na kurudiwa baada ya saa 12. Katika mwongo huohuo kiwanda cha dawa cha Gedeon Richter cha Budapest, Hungaria, kilikuwa kikitengeneza levonogestreli peke yake kwa jina la Postinor. Na ule uchunguzi wa 1998 ndio uliodhihirisha kwamba hiyo yazuia mimba zaidi kuliko njia ya Yuzpe, tena kwa kichefuchefu kidogo. Kwanza ilitolewa kwa vidonge viwili, kila kimoja miligramu 0.75, kwa hiyo pakiti ikaitwa Postinor-2, nasi tukaikata ikawa P2. Mwaka 2002 uchunguzi mwingine, wa wanawake zaidi ya 4,000, ulionyesha kwamba miligramu 1.5 zikimezwa kwa mara moja hazipungui nguvu. Kwa hiyo leo hata mwenye pakiti ya vidonge viwili huvimeza vyote pamoja, wala haamki usiku wa manane kungojea cha pili. Jina la P2 limebaki, na limekuwa jina la kila dawa ya namna hii, hata ya kidonge kimoja, hata ya kiwanda kingine; kama vile tulivyozoea kuita kila sabuni ya kufulia kwa jina la ile iliyotufikia kwanza.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na ndiyo iliyo karibu zaidi na watu. Hapa Kenya hununuliwa katika duka la dawa bila ya cheti cha daktari, na mwenye kuinunua si lazima awe ndiye atakayeimeza: mume aweza kutumwa, dada aweza kutumwa, na naona ni jambo la murua mwanamume aliyehusika katika tendo ahusike pia katika kutembea mpaka dukani. Katika vituo vya serikali vitoavyo huduma za uzazi yaweza kuombwa vilevile. Nunueni kwa muuzaji mwenye leseni, iliyotundikwa ukutani, wala si kwa mchuuzi wa kikapu. Tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi. Na kama muuzaji aliyesimama mbele yenu anaanza kuwahubiria, mnyamazieni, lipeni, ondokeni, mkahubiriwe mahali pengine mkiwa mmekwisha kumeza.

Njia ya pili ni kidonge cha uliprista, cha miligramu 30, kilichoingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017. Ubora wake ni kwamba chaweza kulichelewesha yai hata pale ambapo mwili umekwisha kuanza kujitayarisha kulitoa, wakati ambao levonogestreli imekwisha kushindwa. Kwa hiyo nguvu zake hazishuki upesi namna ile, na hutumika mpaka saa 120, yaani siku 5. Ila si kila duka linacho, na yafaa kuuliza mapema duka gani la karibu hukiweka.

Ya tatu ndiyo niliyomwambia yule binti wa Jumatatu, nami ndiyo niipendayo zaidi, kwa hiyo mtanisamehe nikikaa juu yake kidogo. Ni kitanzi cha shaba, ambacho wengine hukiita koili na wengine lupu: kijiti kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambacho mkunga au tabibu aliyefundishwa hukitia ndani ya mfuko wa uzazi kwa dakika chache, mwanamke akiwa macho, akihisi maumivu kama ya hedhi nzito. Kikitiwa katika siku 5 baada ya tendo, hakuna dawa ya kumeza inayokikaribia: makosa yake hayafiki mwanamke mmoja katika kila 100, bali ukijumlisha tafiti za miaka mingi hayafiki hata mmoja katika kila 500. Shaba hufisha mbegu za mwanamume zisilifikie yai. Na kikiisha kutiwa hakihitaji kutolewa dharura ikipita, kwa kuwa humlinda mwenye nacho miaka 10 na zaidi, na siku atakapotaka mtoto hutolewa na uzazi ukarejea. Uvumi kwamba hakiwafai wasiozaa nimeusikia kwa wauguzi wenzangu kwa masikio yangu, nao ni uvumi tu. Ambaye hakimfai ni yule mwenye maradhi ya zinaa au usaha katika njia ya uzazi, ambaye atibiwe kwanza. Nikitazama wanawake niliowaona katika kazi yangu, waliokuwa wakirudi dukani kununua P2 mwezi baada ya mwezi, nasikitika kwamba hakuna aliyewaambia mapema kwamba safari moja ya kliniki ingalitosha.

Iko na njia ya nne, ya maskini au ya kisiwani, ambayo nalazimika kuitaja kwa sababu nimewahi kuwa mahali pasipo na duka. Ni ile ya Yuzpe. Aliye na pakiti ya vidonge vya kila siku vyenye mikrogramu 30 za etinilestradioli na mikrogramu 150 za levonogestreli, ambavyo ndivyo vilivyojaa katika zahanati zetu, humeza 4 katika saa 72, kisha 4 baada ya saa 12. Hadhari: katika pakiti hizo nyingi mna vidonge 7 vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu, vya kumkumbusha mwanamke asipoteze hesabu, navyo havizuii kitu. Mwanamke mmoja alinijia akiwa amevimeza hivyo vya kahawia kwa kuwa ndivyo vilivyobaki, akafurahi kwamba havikumtapisha.

Mnisikilize sasa kwa makini wale mnaotumia dawa nyingine. Rifampisini inayotibu kifua kikuu, dawa kadhaa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na efavirenzi katika dawa za virusi vya Ukimwi, huliharakisha ini kuiondoa levonogestreli mwilini kabla haijamaliza kazi yake. Anayemeza mojawapo amweleze mfamasia bila ya kificho; ataelekezwa kwenye kitanzi, ambacho hakisumbuliwi na dawa yoyote, au atapewa kipimo maradufu. Vivyo hivyo, mwanamke mwenye mwili mzito sana, levonogestreli humsaidia kwa udhaifu, na kitanzi humfaa zaidi. Na atakayetapika kabla ya saa 2 baada ya kumeza P2, au kabla ya saa 3 baada ya kumeza uliprista, ameitapika dawa yake, naye aimeze tena. Minghairi ya kutapika, kisunzi kidogo, maumivu ya kichwa, matiti kuuma na hedhi kwenda mrama mwezi mmoja ni mambo yanayotazamiwa na hupita. Aliye mnyonyeshaji aweza kumeza P2. Wala haimfanyi mtu tasa, hata akiimeza mara nyingi. Lakini mwenye kuitegemea kila mara amejifunga kwenye mlango dhaifu, kwani haifikii nguvu za njia itumiwayo daima, na haimkingi mtu na Ukimwi wala kisonono.

Jambo moja hapa limewatega wengi. Yai lililocheleweshwa halikughairi safari. Ni kama jahazi lililofunga gati likingoja upepo. Upepo ukigeuka, litang'oa nanga. Mwanamke aliyemeza P2 Jumatatu akalala na mumewe Alhamisi bila ya kinga, akidhani amelindwa mwezi mzima, aweza kushika mimba ya ile Alhamisi, kisha akailaumu dawa kwa kosa lisilo lake. Baada ya P2 aweza kuanza vidonge vya kila siku palepale, akitumia kondomu kwa siku 7. Baada ya uliprista na angoje siku 5 ndipo aanze, kwani dawa hizo mbili hugombana.

Sasa niingie katika mas-ala ambayo najua ndiyo yaliyowaleta baadhi yenu hapa, nami si mwanachuoni, kwa hiyo nitasema niliyoyasoma na kuyasikia kwa walimu wangu. Kuzuia mimba si jambo lililoletwa na meli za Wazungu. Maswahaba walikuwa wakifanya azili, yaani mwanamume kumwaga nje, na riwaya yake imepokewa kwa Jabiri bin Abdillahi katika vitabu viwili sahihi, kwamba walifanya hivyo katika zama za Mtume. Maulamaa wakahitilafiana: Ibnu Hazmi wa Andalusia aliiharamisha, wengi katika madhehebu manne wakairuhusu, baadhi wakisharutisha idhini ya mke, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, mtu wa madhehebu yetu haya ya Shafii, alilichambua jambo hili katika kitabu chake cha Ihya akapambanua baina ya kuzuia kisichokuwapo na kukidhulumu kilichokwisha kuwapo, akaona ya kwanza si kama ya pili. Msomaji wa leo akikumbuka kwamba kidonge hufanya kazi kabla yai halijatoka, ataona upande gani wa mstari ule kimesimama. Ama kitanzi, insafu yanitaka niseme kwamba kazi yake kubwa ni kufisha mbegu, lakini haikanushiki kwamba huenda mara nyingine kikazuia yai lililorutubishwa lisijipachike. Mwenye shubuha katika hilo amwulize mwanachuoni wake, akimweleza hivyohivyo bila ya kupunguza. Na kidonge hakihalalishi zinaa, kama vile bendeji isivyohalalisha ugomvi.

Ndugu zetu Wakatoliki nao wana historia yao, na sehemu yake ilianza kwa majirani zetu. Katika machafuko ya Kongo baada ya uhuru wa mwaka 1960, palipokuwa na hofu ya watawa kubakwa, wanatheolojia watatu waliandika huko Roma, mwaka 1961, wakiona kwamba mtawa aliye katika hatari hiyo aweza kujikinga kwa dawa, kwa kuwa anajitetea dhidi ya dhuluma wala hakuyataka yaliyompata. Nusu karne baadaye, mwaka 2013, maaskofu wa Ujerumani waliruhusu hospitali za Kikatoliki kuwapa wanawake waliobakwa vidonge vinavyozuia mimba isitungike. Kanisa kwa jumla halikubadili rai yake juu ya uzazi wa majira ndani ya ndoa. Lakini katika jambo la aliyedhulumiwa mlango ulifunguliwa na watu ambao hawakuwa na desturi ya kufungua milango ovyo.

Na aliyedhulumiwa ndiye niliyemhifadhia saa hii ya mwisho. Msichana aliyebakwa, au mke, au bibi wa miaka sitini, kwani nimewauguza wote watatu, hapaswi kwanza kwenda nyumbani kuoga. Najua kuwa ndilo litakalokuwa la kwanza analolitaka, na najua kuwa mama yake atamchotea maji. Aende hospitali na nguo zilezile, na zile atakazovua zitiwe katika mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, zisioze. Hospitalini hutazamwa majeraha, hupewa P2 ikiwa yumo katika saa 120, hupewa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, ambazo lazima zianze kabla ya saa 72 kwisha na kumezwa siku 28, na hutibiwa maradhi mengine ya zinaa. Kumbukeni basi kwamba kwake yeye saa ni za namna mbili, na zile za Ukimwi ndizo fupi. Nchini Kenya huduma hizi katika hospitali za serikali ni bure kwa aliyebakwa, na hapa Mombasa Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo chao maalumu. Daktari hujaza fomu ya PRC, ya matibabu ya aliyebakwa, na polisi hutoa ile ya P3, ya ushahidi. Lakini matibabu hayangoji P3, na muuguzi atakayemrudisha mtu mlangoni akalete kwanza karatasi ya polisi amekosea kazi yake. Akiwa ni mtoto, mzazi au mwalimu aliyempeleka anene naye kwa upole, amwache daktari aulize ya kuulizwa, asimhoji njiani.

Kule Bukavu, Kongo, Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na wenzake, wamewatibu makumi ya maelfu ya wanawake wa Kongo waliobakwa vitani, wengi wao wakisema Kiswahili hikihiki chetu. Na wengi waliomfikia walimfikia baada ya wiki, wengine baada ya miezi, kwa kuwa vita havikuwaachia njia. Sisi tunayo njia, ya lami, na tuktuk zimesimama pembeni.

Limebaki moja, ambalo huulizwa kila mara ninapotoka katika mkutano kama huu, kwa sauti ya chini, mlangoni: je, bibi, ikishindwa? Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, au zikipita wiki tatu tangu tendo bila ya hedhi kuonekana, na apime mkojo. Kipimo ni cha bei ndogo na duka lilelile hukiuza. Akipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo pamoja na kisunzi au kuzimia, asingoje kupima nyumbani, aende hospitali siku ileile, kwani yawezekana mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, nayo huua. Na ikiwa imetunga mahali pake, naye ameamua kuilea, basi aandikishwe kliniki kama mjamzito mwingine yeyote, awaeleze kwamba alimeza P2 na tarehe aliyoimeza, na asilale macho kwa khofu: dawa ile haikumgusa mtoto.